Mji wa Hilo, wiki ya Merrie Monarch: nina Jumatano moja tu, nianzie wapi?

Binti Mikindani
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Mwezi wa nne nakwenda Hilo, Hawaii, kwenye mkutano wa mambo ya matumbawe. Tunamaliza Jumanne, ndege yangu ni Alhamisi alfajiri, kwa hiyo Jumatano yote ni yangu. Nimeambiwa ndiyo wiki ya tamasha la hula, ngoma ya jadi ya Hawaii, liitwalo Merrie Monarch, linalofanyika kila mwaka wiki ya Pasaka, lakini tiketi za mashindano zimeshakwisha. Je, bila tiketi kuna cha kuona? Halafu chakula: mimi ni Mwislamu, nasikia huko nguruwe ndiye mwenye sherehe. Naomba mwenye kujua anielekeze.

Mama Wailes, Lindi
Marahaba mwanangu. Hiyo Jumatano usiisikitikie hata kidogo. Mashindano yanaanza Alhamisi, lakini Jumatano jioni palepale kwenye uwanja wa Edith Kanakaʻole kuna onyesho la bure wanaloliita Hōʻike. Mwaka niliomtembelea binti yangu anayefanya kazi huko, tulipanga foleni tangu mchana. Asubuhi pita kwenye maonyesho ya kazi za mikono, nayo ni bure. Kaa kwa wasukaji wa majani ya mkadi. Mtoto wa ukili kama wewe utaelewa bila mkalimani.

Sasa hula yenyewe. Wakiingia wa kahiko, ile ya kale, usikae unatazama kiuno kama uko kwenye sindimba. Tazama mikono, na masikio umpe anayeghani. Yeye hupiga magoti na kibuyu chake, vibuyu viwili vilivyounganishwa, kimoja juu ya kingine. Anakidundisha chini, kishindo kinakupanda kifuani, halafu vidole vinagonga ubavuni haraka haraka. Maneno ndiyo mwenye ngoma; mwili unayafuata. Nyingi zinamsifu Pele, mungu wao wa volkano.

Na ujue unatazama kitu kilichonusurika. Malkia Kaʻahumanu, baada ya kuingia Ukristo, alipiga marufuku hula ya hadharani mwaka 1830. Mfalme Kalākaua ndiye aliyeirudisha mbele za watu, ikachezwa waziwazi kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Merrie Monarch, yaani mfalme mchangamfu, ni jina lake la utani. Mimi nimekua nikisikia ngoma za bibi zangu zikiitwa za kishenzi, kwa hiyo nilipoona wasichana wadogo wanaghani lugha ya wazee wao bila kusitasita, nililia, na sikuona haya.

Ukivishwa lei, lile shada la maua, usilivue mbele ya aliyekuvisha wala usilitupe jalalani.

Baharia wa Shangani
Dada, kwenye chakula kuwa macho. Kālua ni nguruwe wa kuokwa shimoni. Laulau imefungwa kwenye majani ya magimbi, utadhani mboga tupu, ndani mara nyingi ni nguruwe. Musubi ni wali wenye kipande cha nyama juu, na hiyo nyama ya kopo ina nguruwe pia. Kula poke ya jodari, samaki mbichi aliyekatwa vipande na kutiwa chumvi na mafuta ya ufuta. Wanayo hata ya pweza. Poi ni magimbi yaliyopondwa na maji, ina uchachu, mimi niliipenda siku ya pili. Haupia ni tui la nazi lililogandishwa, hiyo kula hadi ushibe.

Mwana Mapiko, Newala
Mama Wailes, shikamoo. Hicho kibuyu hakina ngozi? Sisi bila moto wa nyasi ngoma hailii, na nasikia Hilo mvua haikatiki.

Mama Wailes, Lindi
Marahaba baba. Kibuyu hakina ngozi, ni mkono na ardhi tu. Yenye ngozi ni pahu, gogo lililochongwa kwa kutobolewa ndani, mara nyingi la mnazi, na juu inawambwa ngozi ya papa. Ndiyo, papa huyuhuyu tunayemkausha Msimbati. Mvua ni kweli, Binti, beba mwavuli.

Binti Mikindani
Ahsanteni sana. Mama, nimefungasha kanga mbili za zawadi. Je, kwa huyo anayeghani naruhusiwa kumsogelea baada ya onyesho?

Mama Wailes, Lindi
Mpitie mwanafunzi wake kwanza. Mwalimu wa hula ana heshima kama somo wa unyago, haparamiwi.