Nafanya kazi nyumbani usiku kwa kampuni ya Marekani, nyumbani wanaona sina kazi. Nifanyeje jamani?

bint_kwerekwe

Asalam alaykum wana jukwaa. Nna jambo linanikera na sina wa kumwambia maana hapa nyumbani hakuna anaelifahamu. Mie nimeolewa, twakaa kwa wakwe Mwanakwerekwe hapa Unguja, nna mtoto mmoja wa miaka minne. Toka mwezi wa nane mwaka jana nafanya kazi ya kujibu wateja wa kampuni moja ya Marekani, sina haja ya kuitaja, yote kwa laptopu na intaneti, bosi yuko New York sijawahi kumuona ila kwenye Zoom. Pesa si mbaya wallahi, mwezi mwengine napata kumshinda mume wangu na hilo nalo lina maneno yake lakini leo tuliwache.

Shida ni masaa. Wao wanaingia saa tatu asubuhi yao, kwetu saa kumi na moja jioni, wanatoka saa kumi na mbili yao, mie nafunga laptopu saa nane usiku. Na hiyo ni kipindi hichi cha baridi yao, mwezi wa tatu wakisogeza saa zao mbele na mie nasogezwa naanza saa kumi, Novemba wakirudisha narudishwa. Hapa Unguja hakuna mtu anaegusa saa ya ukutani mwaka mzima lakini mie nakwenda na jua la watu.

Sasa nikilala saa nane na nusu, mtoto kaamka saa kumi na mbili, saa mbili mama mkwe ananigongea mlango "mwanangu mpaka saa hizi umelala, njoo unikunie nazi". Yeye anadhani usiku nilikuwa nachati tu. Mchana mzima mie ndo mtu wa nyumbani, mgeni akija mie, mtoto kwenda chuoni kusoma Kurani mie, maji yakitoka kujaza madumu mie, wifi akitaka kwenda sokoni Darajani ananiwachia na wa kwake, "si upo". Hilo neno SI UPO nimelichukia mpaka nalisikia ndotoni.

Wiki ilopita ndo kilele. Niko kwenye mitingi, kamera iko wazi, watu kumi na moja na bosi wa bosi yumo, mlango ukafunguliwa akaingia mama mkwe na ungo wa mchele, anataka nimchagulie yeye macho hayamsaidii tena. Akakaa kitandani nyuma yangu, kajifunika kanga vizuri, akaanza kuwatizama wale watu mmoja mmoja kwenye kioo. Kisha akaniuliza kwa sauti "hawa wote wanatuona?" Nilizima kamera. Kucheka siwezi, kulia siwezi.

Kwa upande wa kazi nako si salama. Kuna mmoja yuko California, akishakula chakula chake cha usiku saa nne ndo anakumbuka kunitumia meseji, kwangu hiyo saa tatu asubuhi ndo kwanza nnapata usingizi wa pili. Nisipojibu moyo unanienda mbio, nikijibu ndo siku imeanza.

Na Ramadhani hiyo inakuja, magharibi itanikuta kazini, nitafuturu na hedifoni masikioni? Niache nikatafute kazi serikalini au nyie mnaofanya hizi kazi mnafanyaje?

kijana_wa_nungwi

Dada usiache. Mie niko hoteli huku kaskazini, nyumbani kwangu Chake Chake, Pemba, wanangu nawaona kwa video. Kwenye karatasi shifti ni masaa manane, ikifika Julai mpaka Septemba wageni wamejaa nasimama kumi na mbili na ziada haandikiwi mtu. Hiyo nazi ya mama mkwe mie ningeikuna huku naimba.

bint_kwerekwe

Pole kaka, sikatai una mzigo mzito kunishinda. Lakini wewe ukitoka nyumbani kila mtu anajua baba kaenda kazini. Mie sijawahi kutoka.

mzee_wa_barza

Mwanangu, mimi nimefanya serikalini miaka thelathini na moja. Saa tisa na nusu natoka, nakwenda kula, naswali laasiri, jioni nipo barazani na kahawa yangu, mabao mawili matatu ya bao, magharibi hiyo. Hakuna mtu wa California anaenijua. Njia ni hiyo, tafuta kazi ya serikali utulie na mumeo. Pesa za usiku hazina baraka.

shoga_wa_bububu

Mzee wangu kwa heshima zote, hizo kazi za serikali ziko wapi tuzifuate? Nafasi tano wanajitokeza watu mia tano. Na nesi anaelinda wodi usiku kucha, na askari wa zamu, na mvuvi wa dagaa anaeondoka magharibi kurudi alfajiri, pesa zao nazo hazina baraka?

mzee_wa_barza

Haya nimesikia, la mvuvi umenipata. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi.

nesi_wa_zamu

Umenitaja nimekuja 😂 Mie nesi, miaka tisa nazunguka zamu, naomba nikueleze bint kwerekwe kitu kimoja kabla hujaamua chochote. Piga hesabu ya masaa yako sawasawa. Saa kumi na moja mpaka saa nane ni masaa tisa, mara siku tano ni 45. Tia na meseji za asubuhi, kila siku ukipoteza hata saa moja na nusu unakaribia 53. Hapo nazi haijahesabiwa, wala madumu, wala mtoto wa wifi.

Nasema hivi kwa sababu Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti 2021, walitizama watu wanaofanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki wakawalinganisha na wa masaa 35 mpaka 40, hatari ya kupata kiharusi imepanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Wakakisia watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na moyo vilotokana na masaa marefu. Sikutishi, wewe bado kijana, lakini hayo mambo yanajikusanya taratibu huku mtu anajiona mzima.

Usiku wenyewe nao una madhara yake. Lakini kinachomaliza mtu zaidi ni kufanya usiku na mchana vyote viwili, na hapo ndo ulipo wewe. Mie nikitoka zamu nimewambia watu wangu nalala saa mbili mpaka saa saba, pazia zito, simu naitia kwenye kabati la nguo, kabati la nguo sio chini ya mto. Mwaka wa kwanza walinuna, walisema nesi huyu anajidai. Mwaka wa pili wakazoea. Na usibadilishe, ukilala saa tisa leo, kesho saa saba, kesho kutwa hulali, mwili unachanganyikiwa unaanza kuumwa vitu havina jina. Chai ya mwisho kunywa saa nne usiku, baada ya hapo maji.

mpemba_wa_konde

Waalaykum salam. Mie naandika programu kwa kampuni ya Ujerumani, niko Konde hapa mwaka wa nne. Nna bahati maana Berlin tumepishana masaa mawili tu, wakati wa joto lao saa moja, kwa hivyo magharibi nnaswali msikitini. Anaetafuta kazi hizi sikilizeni, kabla hujauliza mshahara uliza wako nchi gani. Ulaya unaishi. New York unaishi nusu. California ndo popo kabisa, saa tatu asubuhi yao kwetu saa mbili usiku kipindi hichi.

Bint kwerekwe nakuuliza, mkataba wako umeandikwa mwajiriwa au mkandarasi huru, yaani mtu aliejiajiri? Najua jibu, mkandarasi, sote ndo tunapigwa hapo. Marekani wana sheria yao ya mwaka 1938, mfanyakazi akipitisha masaa 40 kwa wiki analipwa ziada mara moja na nusu, lakini mkandarasi haimuhusu. Bara sheria ya kazi ya 2004 imeweka masaa 45 kwa wiki, sie Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira namba 11 ya 2005, lakini wewe utamshitaki nani, mtu yuko New York na karatasi inasema umejiajiri? Kwa hivyo likizo huna, ukiumwa huna kitu, kiinua mgongo huna. Nenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kaulizie mpango wa kuchangia kwa hiari uanze kujiwekea, usingoje.

Ila kuna habari nzuri, hao wazungu wenyewe wameshaanza kuchoka na meseji za usiku. Ufaransa toka Januari 2017 kampuni kubwa lazima zikae na wafanyakazi wakubaliane lini mtu haguswi na simu ya kazi, Ureno 2021 wakamkataza bosi kumsumbua mtu nje ya masaa yake, Australia nao 2024. Marekani hawana sheria ya nchi nzima kama hiyo lakini hili neno bosi wako kashalisikia, sio kama unamletea kioja.

Mie nilifanya hivi. Niliandika barua fupi, mistari sita, sikulalamika hata kidogo. Nilisema masaa yangu ni kuanzia hapa mpaka hapa kwa saa za Afrika Mashariki, nje ya hapo najibu siku ya pili nikiingia, kukiwa na moto kweli nipigieni simu. Kisha kalenda yangu nikaifunga, mtu akitaka kuniwekea mitingi saa nimelala inamuonyesha nyekundu. Unajua toka 2021 nimepigiwa simu mara ngapi? Mara mbili. Meseji zote zile walizokuwa wananitumia hazikuwa na haraka, mtu kakumbuka kitu kaandika asije akasahau. Mie ndo nilikuwa naamka. Huyo wako wa California naapa anadhani unazisoma ukiingia kazini.

Ramadhani usiombe ruhusa, peleka mpango. Sema naingia mapema kwa muda wa saa moja na katikati natoka kwa muda wa saa moja, nimeandika kila siku saa ngapi. Hawajui magharibi ni kitu gani lakini jedwali wanalijua.

Samahani nimeandika refu, umeme umekatika nipo na simu. Angalau saivi ni kukatika kwa masaa mawili, kabla ya waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga kuja Pemba 2010 tulikuwa na majenereta ya Wesha, kazi kama hii ungefanyia wapi.

shoga_wa_bububu

Wanaume mnaongea sheria za Ureno, mie naona shida iko mlangoni. Shoga, hivi mume wako yuko wapi kwenye hii hadithi? Umetutajia mama mkwe, wifi, mtoto, mtu wa California, mume kapita tu kwenye mshahara.

Wewe huwezi kumwambia mama mkwe usinigongee, hata ukisema kwa lugha ya asali kesho mtaa mzima mke wa fulani kamfukuza mkwe chumbani. Anaesema ni mwanawe. Tena asiseme mbele yako, akae na mamake peke yao, amwambie mama huyu anaingia kazini saa kumi na moja anatoka saa nane usiku, na lile sukari na mafuta na umeme wa humu ndani nusu yake inatoka kule chumbani. Mamake hajui! Wewe pesa zako anazipitisha mumeo mkononi mwake, mama anaona mwanawe kaleta. Mwezi huu mpe mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama elfu hamsini, umwambie mama hii ya kazi yangu, niombee dua. Mama zetu kazi wanaijua kwa inachoingiza, nani aliwahi kumuonyesha kazi ya kukaa?

Na funga kanga mlangoni. Mie nashona nguo nyumbani, kanga nyekundu ikining'inia kitasani nna mteja anapimwa, haingii mtu, hata watoto wanajua. Nazi nunua blenda mpe zawadi.

kijana_wa_nungwi

Blenda na nazi wee, atakwambia tui halina ladha 😂

nesi_wa_zamu

😂😂 Mama yangu kasema hivyo hivyo, ya kwetu imewekwa juu ya kabati toka harusi.

bint_kwerekwe

Jamani nimerudi, wiki tatu zimepita nilisema nitaleta jawabu.

Mume wangu kwanza alikuwa hataki, anasema mama ataona haya, mie nikamsomea alichoandika shoga wa Bububu palepale, akanyamaza. Siku ya Ijumaa baada ya kula akakaa na mamake uani, mie nipo jikoni najifanya naosha vyombo. Sikusikia kitu. Jioni mama mkwe akaja akasimama mlangoni, hakuingia, akasema "kumbe weye ni kama wale wa zamu bandarini" basi akenda zake. Marehemu baba mkwe alikuwa mchukuzi wa bandarini, usiku akichukua zamu mama ndo alikuwa analinda watoto wasipige kelele mchana. Yaani anajua kulinda usingizi wa mtu kunishinda mie, hakuna tu aliemwambia kama na mie ni wa zamu.

Saivi yeye ndo mlinzi. Juzi jirani kaja kuniulizia saa tano asubuhi nimesikia kwa dirishani "yupo, kalala, katoka kazini". Katoka kazini, na mie niko hatua mbili!! Nilitabasamu mwenyewe gizani. Kanga nimeweka, kachagua yeye, akatoa ya kwake ya zamani eti yangu haionekani kwa mbali.

Kazini nimepeleka jedwali kama alivosema mpemba. Bosi kajibu neno moja, sawa, na kidole gumba. Mie nilikaa siku nne naipanga ile barua. Ramadhani naanza saa kumi, saa kumi na mbili na dakika ishirini natoka mpaka saa moja na ishirini nafuturu na watu wangu. Tarawehe nitaswali mwenyewe chumbani nikimaliza, si haba. Wa California nilimuuliza, kweli bwana, alikuwa hajui kama simu yangu inalia, kaniomba samahani mpaka nikaona aibu.

Blenda sijanunua. Nazi nakuna nikiamka, saa saba, mama kasogeza chakula.

Wifi ndo bado. Leo asubuhi kaniletea wawili.