Tupeane uzoefu: dawa za kuzuia damu kuganda kwa tunaosafishwa damu

Ndugu zangu, salaam. Figo zangu zimeshindwa kazi, ninasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, na mwezi uliopita mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za mashine) ulinitoka damu kwa dakika 40 baada ya sindano kuchomolewa. Nilibonyeza shashi, nikaifunua baada ya dakika 5 nione kama imekata, ikaanza upya. Nikafunua tena, ikaanza tena. Muuguzi alinieleza kwamba hubonyezwa kwa vidole viwili, dakika 10 hadi 15, bila kuchungulia. Kisha akaniuliza dawa nilizokunywa, nikakumbuka diklofenaki, dawa ya maumivu niliyonunua dukani kwa ajili ya goti. Kumbe mambo matatu yalikutana: heparini inayowekwa ili damu isigande kwenye mirija ya mashine, diklofenaki juu yake, na figo zilizoshindwa kazi, ambazo zenyewe huzifanya chembe za kugandisha damu zisishikane vizuri. Siku hizi heparini yangu husimamishwa saa 1 kabla ya kumaliza. Wenye kutumia wafarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, hali ikoje?

Mchangiaji wa 2: Pole sana, kaka. Mama yangu hutumia wafarini kwa sababu ya vali ya bandia moyoni, na kipimo chake cha INR (kikipanda, damu hukawia kuganda) kilikuwa kimetulia hadi alipoandikiwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu ambayo huzidisha nguvu ya wafarini, kwa ajili ya tumbo, na mwandikaji hakuuliza anatumia nini kingine. Siku chache baadaye mswaki ulitoka mwekundu na choo kikawa cheusi kama lami. Tulipomkimbiza hospitali, INR ilikuwa imepita 6. Wafarini ilisimamishwa, akapewa vitamini K kwa kiasi kidogo tu, maana ikizidi vali nayo huweza kugandiwa na damu.

Mchangiaji wa 3: Mimi niling'oa jino siku isiyo ya mashine, baada ya kumweleza daktari wa meno mapema. Awamu iliyofuata nilisafishwa bila heparini, maji ya chumvi yakisukumwa mirijani kila nusu saa. Chujio liliganda kidogo, kinywa hakikutoka damu.

Mwanzisha mada: Dada, ahsante. Mama sasa anakumbukaje kuwaambia wanaomtibu kwamba anatumia wafarini?

Mchangiaji wa 2: Kwenye jalada la daftari lake la kliniki tumeandika kwa kalamu nyekundu: “Natumia wafarini. Nisipewe diklofenaki, nisichomwe sindano ya msuli.”