Seli nyekundu ya damu haina kiini: huishije siku 120?

Mwanafunzi, Kidato cha Tano (swali)

Nawasalimu walimu wangu na wanafunzi wenzangu. Tangu tuanze mada ya seli kuna jambo ambalo bado halijanikaa sawa, ingawa nimelisoma mara nyingi. Tumefundishwa kwamba kiini hutawala shughuli zote za seli, na kwamba mitokondria ndizo zinazotoa nishati ambayo seli huitumia. Kisha, katika mada hiyo hiyo, tunaambiwa kwamba seli nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina kiini, haina mitokondria wala ribosomu, na hata hivyo huzunguka mwilini kwa takriban siku 120 ikitimiza kazi yake.

Amiba ikiondolewa kiini haiwezi kujigawa, na baada ya muda hufa. Kwa nini basi seli nyekundu isife mara tu inapokipoteza? Inapata wapi nishati? Mwenzangu darasani anashikilia kwamba ni mfuko tu uliojazwa himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, na kwamba haistahili kuitwa seli hai. Sikubaliani naye, lakini sina hoja ya kumjibu. Naomba ufafanuzi.

Mwalimu wa biolojia

Mwanangu, ugumu unaoupata unatokana na namna vitabu vya shule vinavyofupisha kazi ya kiini. Kiini hakisimamii kila tendo la seli dakika kwa dakika. Ndani yake mna DNA, ambayo imebeba maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo hayo hunakiliwa katika RNA mjumbe, nayo RNA hutoka nje ya kiini na kusomwa na ribosomu, ambazo huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Protini hiyo ikishakamilika haihitaji tena ruhusa ya kiini ili ifanye kazi. Kimeng'enya kilichotengenezwa leo kitaendelea kuchochea mmenyuko wake kesho na keshokutwa, maadamu umbo lake halijaharibika. Kwa hiyo seli inayopoteza kiini hupoteza uwezo wa kutengeneza protini mpya na uwezo wa kujigawa, lakini yale yaliyokwisha kutengenezwa hubaki na huendelea na kazi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitolewa na Mjerumani Joachim Hämmerling katika miaka ya 1930, alipochunguza mwani wa baharini uitwao Acetabularia. Mwani huo ni seli moja tu, lakini una urefu wa sentimita kadhaa, na kiini chake kimo chini kabisa, kwenye sehemu inayoushikilia kwenye mwamba. Hämmerling alikata shina na kulitenganisha na kiini. Shina lile halikufa papo hapo. Liliishi kwa majuma, na mara nyingine liliweza hata kuotesha kofia mpya juu yake, kwa kutumia maelekezo yaliyokuwa yamekwisha kutoka kwenye kiini kabla ya kukatwa. Kofia hiyo ilipokatwa tena, shina lisilo na kiini halikuweza kuotesha nyingine. Hapo unaona wazi kwamba kukosa kiini kunaiwekea seli ukomo, na urefu wa maisha yake unategemea akiba iliyoachiwa na uimara wa akiba hiyo.

Sasa turudi kwenye damu. Seli nyekundu haizaliwi bila kiini. Ndani ya uboho wa mifupa huanza ikiwa erithroblasti, seli kamili yenye kiini na mitokondria na ribosomu nyingi, na katika hatua hiyo hutengeneza himoglobini kwa kasi kubwa pamoja na vimeng'enya vyote itakavyovihitaji baadaye. Kazi hiyo inapokaribia kwisha, kiini hujikunja na kusukumwa nje ya seli, kisha humezwa na makrofaji iliyo jirani, yaani seli inayomeza takataka za mwili. Kinachobaki huitwa retikulositi, ambayo bado ina ribosomu na RNA kidogo, na huendelea kutengeneza himoglobini hata baada ya kuingia kwenye mkondo wa damu, kwa muda wa siku moja au mbili. Mitokondria na ribosomu zilizosalia huvunjwa na seli yenyewe. Seli nyekundu iliyokomaa ni kama jahazi lililoacha mafundi wake bandarini: safari itakwenda vizuri, lakini ubao utakaovunjika njiani hautabadilishwa.

Kuhusu nishati, kumbuka kwamba upumuaji wa seli hauanzii kwenye mitokondria. Hatua ya kwanza, yaani glikolisisi, hufanyika katika sitoplazimu, haihitaji oksijeni, na kutokana na molekuli moja ya glukosi huacha faida ya molekuli 2 za ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli. Ni kiasi kidogo kikilinganishwa na kile ambacho mitokondria zingetoa, lakini seli hii haijigawi, haijongei kwa nguvu zake, wala haijengi protini, kwa hiyo matumizi yake ni madogo pia. Sehemu kubwa ya ATP hiyo huendesha pampu ya utando wa seli, ambayo katika kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Pampu ikisimama, sodiamu na maji vitajaa ndani, na seli itavimba hadi ipasuke. Laktati, yaani kinachobaki baada ya glukosi kuvunjwa hivyo, hutolewa kwenye damu, na ini huigeuza tena kuwa glukosi.

Mwambie mwenzako kwamba mfuko hauchomi glukosi, wala hauna pampu inayolinda tofauti ya ioni kati ya ndani na nje. Seli nyekundu hufanya yote mawili mpaka siku yake ya mwisho.

Mtaalamu wa maabara ya hospitali

Nakubaliana na mwalimu, na ningependa kuongeza upande wa umbo, kwa sababu katika seli hii umbo na kazi haviwezi kutenganishwa. Seli nyekundu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, na imebonyea katikati pande zote mbili. Kubonyea huko kunaifanya iwe na eneo kubwa la utando kuliko ambalo tufe lenye ujazo ule ule lingekuwa nalo, na hivyo oksijeni hupita kwa haraka, kwani hakuna sehemu ya ndani iliyo mbali na utando. Pia, kwa kuwa utando ni mwingi kuliko unaohitajika kufunika kilichomo, seli inaweza kujikunja na kupenya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zilizo nyembamba kuliko kipenyo chake. Chini ya utando kuna wavu wa protini, hasa ile iitwayo spektrini, unaoirudishia seli umbo lake kila inapotoka kwenye njia nyembamba. Kiini kigumu kingezuia kujikunja huko, na pia kingechukua nafasi ambayo sasa inakaliwa na himoglobini. Seli moja hubeba takriban molekuli milioni 270 za himoglobini, na kila molekuli inaweza kushika molekuli 4 za oksijeni.

Baadhi ya vitabu husema kwamba mitokondria ziliondolewa ili zisile oksijeni inayosafirishwa. Ningekushauri uandike kwa uangalifu zaidi: kukosekana kwa mitokondria kuna matokeo hayo, na ni matokeo yenye manufaa, lakini hiyo si sawa na kusema kwamba ndiyo sababu ya kukosekana kwake.

Yale aliyoyasema mwalimu kuhusu kutotengenezwa upya tunayaona maabara kila siku. Glukosi iliyomo kwenye damu hujishikiza polepole kwenye himoglobini bila msaada wa kimeng'enya, na kwa kuwa seli haiwezi kutengeneza himoglobini nyingine, alama hiyo hubaki hadi seli ivunjwe. Ndiyo maana kipimo kiitwacho HbA1c kinaweza kutueleza wastani wa sukari ya mgonjwa wa kisukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wakati kipimo cha kidoleni hueleza hali ya saa ile tu. Vivyo hivyo, tukitaka kujua kama uboho wa mgonjwa mwenye upungufu wa damu unafanya kazi, tunahesabu retikulositi, kwa sababu mabaki ya RNA ndani yake yanaonyesha kwamba zimetoka kwenye uboho hivi karibuni.

Mfano mwingine ni kimeng'enya cha G6PD. Ingawa glukosi nyingi ya seli nyekundu hupitia glikolisisi, kiasi fulani hupitia njia nyingine, inayoanzishwa na kimeng'enya hicho, ambayo hutoa molekuli iitwayo NADPH, na hiyo NADPH ndiyo kinga ya seli dhidi ya kemikali zinazoiunguza himoglobini na utando. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kuipata NADPH. Seli nyekundu hutegemea njia hii peke yake. Mtu aliyerithi upungufu wa G6PD anaweza kuishi bila dalili yoyote, lakini akipewa dawa kama primakwini, ambayo hutibu malaria, seli zake nyekundu, hasa zile zilizozeeka, huweza kupasuka kwa wingi. Zinaanza zilizozeeka kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani yake kimekwisha kuchakaa na hakuna kiini cha kuagiza kingine.

Mwisho wa seli hizi ni kwenye wengu na ini. Damu inayopita ndani ya wengu hulazimika kupenya nafasi nyembamba mno. Seli ambayo utando wake umekakamaa hushindwa kupita, na makrofaji huimeza. Chuma chake hurudishwa kwenye uboho kwa matumizi mapya. Ili kufidia zinazoondolewa, uboho wa mtu mzima hutoa takriban seli milioni 2 kila sekunde.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano

Nawashukuru sana, Mwalimu na mtaalamu wa maabara. Sasa naona kwamba swali langu lilichanganya mambo mawili, yaani kuishi na kujitengeneza upya. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kama kukosa kiini kuna faida zote hizo, kwa nini kuku ana seli nyekundu zenye kiini? Tena, vimelea vya malaria huzalianaje ndani ya seli ambayo haiwezi kutengeneza chochote?

Mwalimu wa biolojia

Ndege, reptilia, amfibia na samaki, isipokuwa wachache sana, wana seli nyekundu zenye kiini, za umbo la yai. Mamalia ndio waliotofautiana nao, na hata ngamia, ambaye seli zake zina umbo la yai, hana kiini ndani yake. Usihitimishe, hata hivyo, kwamba seli ya ndege ina kasoro. Ndege anayeruka anahitaji oksijeni nyingi mno, na seli zake zenye kiini zinamtosheleza, kwa msaada wa mapafu yanayopitisha hewa upande mmoja. Kuondoa kiini ni njia mojawapo tu ya kutimiza kazi hiyo. Kama shule yenu ina hadubini, mwombeni mwalimu awaandalie tone la damu ya kuku aliyechinjwa jikoni, lililotandazwa vyema kwenye kioo na kutiwa rangi. Viini vitaonekana bila shida, na somo hili halitawatoka tena.

Kuhusu malaria, kimelea hakitegemei mitambo ya seli kilimoingia. Plasmodium ni seli kamili yenye kiini, ribosomu na mitokondria yake, na kinachokihitaji ni chakula na maficho. Humeng'enya himoglobini na kutumia asidi amino zake kujenga protini zake, huchukua glukosi inayoingia kupitia utando wa seli, kisha hujigawa mpaka seli ipasuke. Linganisha na kirusi, ambacho hakina ribosomu: kirusi kikiingia ndani ya seli nyekundu iliyokomaa hakitapata pa kunakiliwa.

Hapa ndipo selimundu inapohusika. Katika ugonjwa huo asidi amino moja tu imebadilika kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, ile ya nafasi ya 6, ambapo valini imechukua mahali pa asidi glutamiki. Himoglobini hiyo, ikikosa oksijeni, hujipanga katika nyuzi ndefu na kuikunja seli kama mundu, na maisha ya seli hupungua kutoka siku 120 hadi takriban siku 10 au 20. Lakini mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kutokana na uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki. Ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika maeneo yetu yenye malaria, ikiwemo Kanda ya Ziwa na Pwani.

Mwanafunzi wa botania, chuo kikuu

Naomba niongeze mfano kutoka kwenye mimea, maana wengi hudhani kwamba jambo hili lipo kwenye damu peke yake. Seli zinazosafirisha sukari katika floemu hupoteza kiini, ribosomu na vakuoli zinapokomaa, ili utomvu upite bila kizuizi. Tofauti yake na seli nyekundu ni kwamba mitokondria chache hubaki, na pembeni ya kila seli ya aina hiyo kuna seli mwenza yenye kiini na mitokondria nyingi. Mbili hizo zimeunganishwa kwa vijia vyembamba vinavyopenya kuta zao, na kupitia vijia hivyo seli mwenza humpelekea jirani yake protini na nishati. Kwa mpangilio huo seli isiyo na kiini haibanwi na akiba ya mwanzo. Katika mimea ya jamii ya minazi, ambayo shina lake halitengenezi floemu mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, seli hizo huendelea kupitisha sukari kwa miongo ya miaka.