Dhahabu ya Accra ipo, mbona Paris hakuenda?

MwalimuWaSaruji, Nakuru
Habari za jioni wapenzi wa tenisi. Nafundisha watoto kila Jumamosi kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa, wavu tumeufunga kwa kamba ya manila. Machi 2024 Mkenya wetu Angella Okutoyi alipomshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri kwenye fainali ya Michezo ya Afrika kule Accra, niliwaambia watoto kwamba bingwa huyo anaenda Olimpiki moja kwa moja. Tulipiga makofi hadi walinzi wakaja. Paris ikafika, hayumo. Juzi binti wa miaka 11 kaniuliza tena: "Mwalimu, si ulisema?" Anayejua kilichotokea anieleze, nataka kumpa jibu la kweli.

MpigaSavu
Mwalimu, uliambiwa nusu. Dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja ilikuwa na nafasi ya Paris, ila kwa sharti: kufikia tarehe 10 Juni 2024 uwe ndani ya 400 bora wa WTA, yaani orodha ya viwango vya tenisi ya wanawake duniani. Angella alikuwa nje ya hapo. Na Accra yenyewe haina pointi hata moja ya WTA! Unabeba ubingwa wa bara zima, Jumatatu orodha ikitoka uko palepale. Pointi ziko kwenye mashindano ya kila wiki: ukishinda mashindano madogo ya ngazi ya W15 unapata 15, ya W35 unapata 35, na kila safari ni nauli, hoteli na kocha. Yeye alikuwa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Mechi za timu za chuo hazina pointi za WTA, na msimu wake huwaka Januari hadi Mei, miezi ileile aliyohitaji kupanda.

Wengine njia hii iliwafikisha: Mayar Sherif wa Misri alishinda Michezo ya Afrika ya Rabat 2019 na kiwango chake kilitosha, akapata Olimpiki ya Tokyo. Zheng Qinwen alipata nafasi kwa dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou, kisha akaibeba na ya Paris yenyewe.

MamaPacha
Kaka, chuo usikilaumu. Huyu ni msichana aliyelelewa na nyanya yake, yeye na pacha wake, mama yao alifariki akijifungua. Masomo ya kulipiwa hayakataliwi. Mkono anao: mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana, wawili wawili, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Ng'ambo ya wavu alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Mboko huyohuyo akabeba ubingwa wa mashindano makubwa ya Montreal 2025. Wetu alikosa nauli za kuzunguka mashindanoni, na hilo linaniuma mpaka leo.

MwalimuWaSaruji
Asanteni sana, dada na kaka. Jumamosi nitamwomba msamaha binti mbele ya wenzake, kisha nitachukua chaki nichore hesabu hiyo ya pointi pale pale uwanjani, waione wote.