Naomba ushauri: GT Zaskar ya zamani au mpya?

Wakuu, habari zenu. Nipo njia panda: nataka kununua baiskeli ya milimani aina ya GT Zaskar. Miaka ya 1990 kampuni ya GT ilitamba sana kwenye mbio za milimani. Mwaka 1998 ikauzwa kwa Schwinn, kampuni nyingine ya baiskeli, 2001 kampuni hiyo ya Schwinn/GT ikafilisika, na siku hizi ni nadra kukutana na baiskeli za GT njiani. Nimejaribu mbili. Zaskar ya zamani, fremu ya alumini na magurudumu ya inchi 26, ukikanyaga tu inachomoka, ila kila jiwe unalisikia viganjani hata nilipopunguza upepo. Mpya ya inchi 29 inapita juu ya mizizi kwa utulivu, lakini kwenye kona kali naiona nzito. Moyo wangu uko kwa ya zamani kwa kweli. Je, shokapu za mbele za inchi 26 bado zinapatikana kirahisi? Na nyufa kwenye fremu nizikague wapi hasa kabla sijalipa?