Kwa nini mtu wa Kigoma kwenye komedi lazima awe mganga au mkimbizi?

Mtoto wa Mwanga:
Wakuu kwema? Hivi hawa watu wa komedi na bongo muvi nani kawaambia sisi wa Kigoma tuko vile? Mhusika akishatajwa tu katokea huku basi ujue ana hirizi kiunoni, Kiswahili cha kuungaunga, na kama sio mganga basi kavuka mpaka jana usiku. Kuna moja nimeiona wanasema kijiji cha Kigoma halafu nyuma kumejaa minazi 😂 huku ni michikichi jamani, ndo tunapata mawese, mtu aliyewahi kushuka stesheni hata mara moja hakosei hilo. Nyie mnachukulia poa au ni mimi nina hasira za bure?

Unyanyembe1:
Punguza jazba jirani, ni utani tu. Sisi Wanyamwezi wa Tabora tunaitwa wabeba mizigo toka enzi za misafara na hatujafa. Mwalimu Nyerere kasoma hapa hapa Tabora Boys ila kwenye komedi Mnyamwezi bado anashangaa ghorofa. Tunacheka maisha yanaenda.

Dada wa Ujiji:
Kaka yangu utani una wenyewe. Mtani akikusema na wewe unamrudishia, hata msibani kwako anakuja kukuzingua na unamvumilia kwa sababu kesho ni zamu yako. Huyu wa kwenye tivii namrudishiaje? Mimi linaloniuma ni hilo la Kiswahili. Stanley anamkuta Livingstone hapa Ujiji 1871 mji tayari una soko na Waswahili na Waarabu wanafanya biashara, bibi zetu Wamanyema wamekuta Kiswahili na wametuachia, leo kuna watoto Ujiji Kiha, lugha ya Waha wa huku, hawakijui hata salamu, halafu wanaigizwa wanaongea kama wanatafuna kokoto. Sasa huyo kaongea na nani huku??

Mwisho wa Reli:
Hii kitu ina mizizi wakuu. Mkoloni alifanya Buha, yaani nchi ya Waha, kuwa sehemu ya kuzoa manamba, Waha kibao wakapelekwa mashamba ya mkonge, kwa hiyo wa pwani wengi walimjua Muha akiwa kibarua kachoka, ugenini, lugha hajaizoea, picha ikaganda hapo. Ongeza wakimbizi wa Burundi 1972 na 1993, wa Kongo 1996, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, kamera zikija mkoani zinaenda kambini moja kwa moja. Kasulu yenyewe na ile baridi yake na maharage yake nani kaionyesha?

Mtoto wa Mwanga:
@Unyanyembe1 unasema tunacheka, mimi nilienda kupanga chumba Dar, kusema tu natoka Kigoma mwenye nyumba anauliza kama nina karatasi za kuishi nchini. Nikajua anatania, kumbe mzee yuko siriasi kabisa.

Unyanyembe1:
Duh, hapo sina neno. Pole mkuu.

Kibirizi Boy:
Ila tusilaumu wa Dar peke yao, kuna wachekeshaji wa huku huku wanauza hiyo lafudhi, inalipa. Diamond na Ali Kiba wote asili yao Kigoma, hirizi umeona wapi 😂 Kuna madogo wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanajirekodi kwa simu, mmoja anaigiza mtu wa Dar kaja kununua dagaa, akaambiwa mbalamwezi ikiwaka hatuendi ziwani tunasubiri giza, basi akaanza kusoma dua akijua ni mambo ya kichawi, kumbe dagaa wanafuata taa, mwezi ukiwaka taa haziwavuti. Nimecheka mpaka basi.

Dada wa Ujiji:
Hiyo sasa! Tupia linki.

Kibirizi Boy:
Hamna linki dada, ni grupu la WhatsApp, na ukiingia ujue utauziwa dagaa.