Mnunuzi anasema daftari la mizani ni siri ya biashara. Mahakama inaweza kumlazimisha alitoe?

ZabibuHombolo:
Wakuu habari zenu. Mimi mkulima wa zabibu, Hombolo. Mwezi wa pili nilipeleka mzigo kwa mnunuzi safari nne. Alipima kwenye mizani yake, akanipa vile vikaratasi vya mashine. Nikavibandika ukutani karibu na dirisha. Kwa jua letu hili, leo ni vyeupe pee! Amenilipa pungufu, nikilalamika ananiambia lete ushahidi. Nimefungua shauri Mahakama ya Wilaya, tukaomba daftari lake la mizani. Wakili wake kajibu ni siri ya biashara, lina majina na bei za wakulima wengine, na tukikazana ataomba amri ya kulinda siri. Binti yangu kasoma kwamba Marekani amri hiyo ipo. Na kwetu?

KaraniMstaafu:
Pole mzee. Vile vikaratasi havina wino, huandikwa kwa joto; vitolewe kopi siku hiyohiyo.

Marekani ipo kweli, kanuni ya 26(c) ya mashauri ya madai kwenye mahakama za shirikisho. Ila hata kule kutamka "siri" hakutoshi, anayeomba ndiye aeleze ataumiaje.

Kwetu Tanzania soma Amri ya XI, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Mahakama inaweza kumwamuru ataje kwa kiapo nyaraka alizonazo zinazohusu shauri. Kwa vitabu vya biashara, badala ya kukufungulia daftari zima, inaweza kuagiza upewe nakala ya maingizo yanayohusika tu, na hati ya kiapo ya mtu aliyeyalinganisha na daftari lenyewe, akisema wazi kama kuna palipofutwa au pameongezwa kitu katikati ya mistari. Hapo majina ya wenzako yanabaki kwake, na hoja yake ya siri inakosa miguu. Akikaidi amri, utetezi wake unaweza kufutwa.

Swali langu: ninyi mliomba nini hasa?

MamaAlizeti_Kibaigwa:
Siri ya kilo! Mizani iko barabarani, kila mtu anaona 😂 Pole kaka.

ZabibuHombolo:
@KaraniMstaafu nimeichungulia barua yetu. Imeandikwa "madaftari yote ya mizani ya mwaka mzima".

KaraniMstaafu:
Basi mlango mmemfungulia wenyewe. Mwambie wakili wako aombe upya: maingizo ya jina lako, tarehe nne, basi. Pia ampe mnunuzi notisi ya kuleta daftari. Asipolileta, Sheria ya Ushahidi inakuachia njia ya kuthibitisha kwa nakala. Hakuna aliyepiga picha vile vikaratasi?

ZabibuHombolo:
Nimempigia dereva wa Fuso. Anayo ya safari ya tatu, aliipiga ili adai nauli yake. Pembeni imekatika, ila tarehe inasomeka, na kilo 2,140. Nimemwambia hiyo simu asiiuze.